Kiti cha Kupumzikia

Tarehe 4 Machi

Kwa binti yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, kuku wazima, ila moyo umechafuka, na aliyeuchafua ni wewe.

Jana asubuhi sijamaliza kufunga viatu, mlango ukagongwa. Bwana mmoja na toroli: "Mzee, mimi mtunza bustani. Binti yako kaniagiza. Wewe kaa, pumzika." Akashusha kiti chenye mto, akaniketisha uwani kwangu kama bwana harusi.

Nikatazama. Kuku kawafungia bandani, wakati mimi huwaacha waparure matuta kabla sijapanda. Samadi yangu ya tangu mvua zilizopita kaizoa yote. Mchicha niliouacha ukomae, ile mbegu ya marehemu mama yako, kaung'oa akautupa nyuma ya banda. "Mzee, huu umeshazeeka." Nikamwambia, hata mimi nimezeeka, utaning'oa? Akacheka! Nikamtimua hata adhuhuri haijafika.

Nimekukosea nini, mwanangu, hata unistaafishe uwani kwangu?

Baba yako


Tarehe 15 Machi

Baba, shikamoo.

Mimi sijambo, lakini barua yako nimeisoma nimesimama, kwa hasira.

Unauliza umenikosea nini? Umenificha. Jirani yako mshonaji ndiye aliyeniambia kwamba mwezi uliopita ulianguka ukilima, ukalala kifudifudi kwenye tuta mpaka aliposikia kuku wanapiga kelele. Wewe ukaniandikia "mimi mzima, kuku wazima". Kuku sawa, wewe je? Mama nilimkuta ameshazikwa. Na wewe unataka nikukute hivyo?

Kwa mchicha nisamehe, sikumwagiza ang'oe. Kiti hakirudi. Mwezi ujao nakuja kukuchukua. Chumba kipo, ghorofa ya nne.

Mwanao


Tarehe 24 Machi

Binti yangu,

Salamu nilikupa mwanzoni mwa mwezi, tumia hizo hizo.

Ghorofa ya nne! Nikalime nini huko, zulia? Na huyo mshonaji, nguo anazishona vizuri, mdomo wake ndio umemshinda. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka. Haya, mimi nilianguka kabisa, nikainuka, nikamalizia tuta.

Sasa nisikilize. Mama yako alipoondoka, kuamka kulinishinda. Walionitoa kitandani ni kuku, maana kuku hawajui matanga, wanataka pumba zao. Nikitoka kuwapa pumba naona magugu, nikiona magugu nashika jembe, mpaka jua linazama sijalia. Ukiniondolea hayo nitaamkia nini?

Kama unaogopa nitaanguka, njoo mwenyewe. Usitume mtu. Usitume kiti!

Baba yako, niko uwani


Tarehe 14 Aprili

Baba, shikamoo. Mgongo unaendeleaje tangu ulipoanguka? Niambie kweli.

Nimechelewa kujibu. Mwanzo nilikuwa na hasira nawe, baadaye nikaona aibu, maana ni kweli, kutuma mtu ni rahisi kuliko kuja.

Nimeomba likizo, nitafika mwisho wa mwezi. Sikuchukui. Wewe utalima, mimi nitakaa kwenye kile kiti nikutazame, ukipepesuka nikudake. Hapo usinibishie.

Mwanao


Tarehe 21 Aprili

Binti yangu,

Marahaba, mama. Mgongo unauma asubuhi, ukipata jua unatulia. Hiyo ndiyo kweli yote.

Kuhusu kiti, umechelewa. Kishungi, yule kuku mwekundu mwenye kiburi, kautoboa mto, kataga humo, na sasa anaatamia. Ukimsogelea anadonoa. Mimi mwenyewe nampitia mbali, na simwondoi kwa ajili ya mtu yeyote, hata wewe.

Halafu nyuma ya banda mchicha wa mama yako umeota, umesongamana hata pa kukanyaga hakuna. Unataka kupunguzwa na kuhamishiwa kwenye matuta, na kazi hiyo haifanywi kwa kukaa.

Njoo na nguo za kazi. Jembe la mama yako nimelitia mpini mpya.

Baba yako