Rejista Inasema Najua Kuogelea

Mpendwa mshauri Phelista wa redio,

Nakuandikia nikiomba unijibu kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili ndiyo siku ya kurudi kambini na mpaka sasa sijui kama nirudi, nisirudi, ama nirudi na kunyamaza. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mitatu kutoka Saboti, na kabla ya kuchukuliwa kuwa kurutu wa jeshi la majini nilikuwa karani katika ghala la mahindi mjini Kitale, kazi ya kuandika magunia yanayoingia na yanayotoka, na niliifanya vizuri, hakuna siku karatasi yangu ilibaki na nafasi tupu, na nadhani hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Nyumbani kwetu maji ni ya kuchota. Mama yangu alitukataza mto tangu tukiwa watoto, na sijawahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Siku ya kuandikishwa tulikimbia, tukapimwa meno na nyayo, hakuna aliyeniuliza kama naogelea, nami sikusema, nikidhani tutafundishwa. Na kweli wenzangu walifundishwa, lakini siku ya kwanza bwawani mkufunzi wetu, Afande Kipsang, aliona mwandiko wangu akasema, "Wewe karani, shika rejista, wenzako waingie," na kila asubuhi ikawa hivyo, wenzangu wanameza maji ya dawa na kukohoa, mimi nimesimama ukingoni na kalamu, mkavu, na nakiri kwamba nilifurahi. Siku ya mtihani niliandika majina yote arobaini na moja, waliopita nikawawekea tiki, watatu walioshindwa, ambao sasa wanafundishwa upya, nikawawekea alama ya mkasi, na mwishowe nikaona mstari mmoja hauna kitu, na mstari huo ulikuwa wangu. Afande alikuwa tayari amenyoosha mkono apewe rejista atie sahihi. "Karani, umemaliza?" Nikasema, "Ndio, afande," na mkono wangu ukaweka tiki. Sikupanga. Hata leo sijui kama nilidanganya ama nilikamilisha tu karatasi.

Sasa tumepewa ruhusa ya wiki moja, na tukirudi kuna zoezi la baharini, kuruka kutoka kwenye boti tukiwa na nguo na viatu, wawili wawili, kila mmoja akimlinda mwenzake. Wengine wanasema tutavaa jaketi za kuelea, wengine wanasema hapana, nami naogopa kuuliza. Mwenzangu ni Mukhisa wa Kamukuywa, aliyejifunza kuogelea mtoni akichunga ng'ombe, na ni yeye aliyenichagua. Aliwaambia wenzetu, "Huyu ako na akili. Nyinyi mkiona papa mtaniacha, bana. Karani ataandika jina la papa kwanza." Wote walicheka, hata mimi nikacheka.

Jumatatu Mukhisa alinialika kwao. Mama yake, Mama Wilkista, ni mjane, na alichinja kuku, na wewe wa Bungoma unajua kwamba firigisi hailiwi na kila mtu, ni ya mwenye nyumba. Akaiweka kwenye sahani yangu. Nikamwambia, "Mama, mimi ni mgeni tu, mpe Mukhisa." Akasema, "Kula. Tangu baba yake atuache hakuna mtu nimempatia. Ameniambia ati ni wewe unamchunga huko kwa maji. Si ni kweli?" Mukhisa alikuwa ananiangalia akitabasamu. Nikasema ni kweli, nikala, na nilitafuna muda mrefu sana kwa sababu haikutaka kushuka.

Tangu siku hiyo sijielewi. Natazama video za kuogelea kwenye simu, kisha nalala kifudifudi kitandani na kupiga miguu, na jana mama aliingia akadhani nina kifafa, akamwita baba kwa sauti, na baba akasema, "Mwache, hayo ni mazoezi ya Nevi," maana sasa hata kanisani hilo ndilo jina langu. Nimefikiria kwenda kwa mjomba wangu anayeishi Sirisia nisirudi kabisa. Nimefikiria kutafuta hoteli yenye bwawa hapo Bungoma nijifundishe kwa siku hizi zilizobaki. Nikisema ukweli nitafukuzwa kwa kuharibu rejista ya serikali, na baba atauficha uso wake wapi? Nikinyamaza, labda siku hiyo bahari itakuwa tulivu. Na ile firigisi, mshauri, ni kama nimeapa? Kwetu haina maana hiyo, lakini niliila nikijua maana yake kwao. Tafadhali niambie nifanye nini, kila ninalolifikiria linapingana na lile la kwanza.

Ni mimi,
Karani wa Ukingoni, Saboti

*

Mwanangu Karani,

Barua yako nimeitoa kwenye foleni ili niisome hewani leo Alhamisi, na wenye barua nyingine watanisamehe. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nilitafuta mahali ulipoandika kwamba Mukhisa anaweza kufa, na sikupaona. Umeandika juu ya rejista, juu ya uso wa baba yako, juu ya kuku. Mtu anayezama hukamata chochote kilicho karibu naye na hakiachi. Umeniambia mwenyewe ni nani atakayekuwa karibu nawe.

Unauliza kama ulidanganya. Ndiyo, ulidanganya. Nakuamini kwamba mkono uliitangulia akili, lakini jioni ile akili ilifika, na kesho yake ilikuwepo, na wiki zote hizo umeitwa mlinzi wa mwenzako ukacheka pamoja nao.

Firigisi nazijua, nimezaliwa na kuolewa huku huku. Ndani ya kuku hakuna kiapo. Mama wa watu alikupa heshima ya nyumba yake. Lakini alikuuliza kwa mdomo wake, nawe ukamjibu kwa mdomo wako, na hilo jibu ndilo lililokukwama kooni.

Bwawa la hoteli achana nalo. Kuingia peke yako bila mwalimu, kwa siku tatu, ni kumtafutia mama yako kilio cha kweli badala ya kile cha kifafa. Kitanda nacho hakijamfundisha mtu kuogelea tangu vitanda vianze kutengenezwa. Na Sirisia usiende. Kurutu asiyerudi hutafutwa, na mjomba wako hakukosa lolote.

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi nenda Kamukuywa. Usitume ujumbe kwa simu. Mwite Mukhisa nje kabla hawajakuwekea chakula, umwambie, "Sijui kuogelea, tiki ile niliiweka mwenyewe." Usianze na habari za nafasi tupu, hayo ya ukarani atayauliza baadaye akitaka. Kisha ingia ndani umwambie na mama yake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuuliza. Wazazi wako waambie Jumamosi, kabla kanisa halijawaambia. Ukifika kambini, mwone Afande Kipsang kabla hujafungua begi, na umwombe akuingize majini pamoja na wale watatu walioshindwa. Wao walimeza maji mbele ya watu wote na sasa wanafundishwa upya. Wamekutangulia.

Utaadhibiwa, na huenda ukarudishwa nyumbani. Siwezi kukuahidi vinginevyo. Ukirudishwa, utalia, baba yako atanuna msimu mzima wa mahindi, halafu utatafuta kazi kama vijana wengine wa Kitale.

Mukhisa naye atakasirika, na ana haki. Huenda asikusemeshe kutoka Kamukuywa mpaka pwani, na ile ni safari ndefu. Vumilia. Kaa kwenye kiti chako cha basi, mwache anune upande wa dirisha, na kila ukimsikia akivuta pumzi kwa hasira, mshukuru Mungu kwamba anaivuta.