Kichwa Kilikuwa Changu

Bi mkubwa wangu,

Shikamoo. Najua safari hii marahaba haitakuja, lakini nimeizoea mno, hata hapa ninapoandika natega sikio. Nikiteka maji kisimani bado nateka ya watu wawili. Ya kwako huishia kwenye mkunazi wa uani.

Barua hii naiandika waziwazi, na mtu yeyote wa mtaa wetu anayetaka kuisoma na aisome. Mambo yenyewe waliyasema wao, tena wakayasema kinyume. Wewe uliwaacha waseme, mimi nikanyamaza, na aibu yake imenikaa kama mwiba wa samaki kooni, haushuki wala hautoki.

Nianzie siku niliyokuingilia nyumbani. Nililetwa kutoka Mlingotini, bi mdogo wa bwana wetu Sefu, mchuuzi wa mbata, zile nazi kavu. Wewe ulikuwa umeshazaa naye, umeshaozesha, na umri wako ulikuwa wa mama yangu. Adabu ilitaka nikuamkie shikamoo. Lakini mashoga zangu walinifunda kwamba wake wenza ni sawasawa, ukimwamkia mara moja utamwamkia maisha. Basi nikasimama mlangoni na viatu vyangu, nikakwambia, "Hujambo."

Ukanitazama kutoka juu mpaka chini. "Sijambo, mwenzangu. Vua viatu, sakafu ndiyo kwanza imepigwa deki."

Nikavua. Nilikuja na maneno yangu yote ya vita, na hukunipa hata pa kuyaweka. Nikikununia, unanipakulia. Nikikujibu kwa mkato, unaniuliza kama nimelala vibaya. Mtu kama huyo utagombana naye wapi? Nikaona njia iliyobaki ni kukushinda kwa mwili. Wewe ulikuwa mweupe wa kuzaliwa, damu ya nyanya yako wa Kiarabu, na nywele zako zikilala mgongoni. Mimi ni mweusi tii, nywele zangu za kipilipili. Wallahi hakuna aliyenisimanga kwa hilo ndani ya nyumba ile. Nilijisimanga mwenyewe.

Ikaja harusi ya Pangani, bwana akasema tutakwenda sote watatu. Nikaaga kwamba nakwenda Dar kumwona shangazi mgonjwa. Shangazi alikuwa mzima kama kigongo. Nilikwenda Kariakoo kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akinyoosha watu nywele nyuma ya pazia, maana siku zile vijana wa chama walikuwa wakipiga kelele juu ya sketi fupi, mawigi na dawa za kujichubua. Kichwani alinipaka uji wake wa viazi vilivyopondwa na magadi makali ya kupikia sabuni. Usoni akanipaka krimu iliyonuka kama dawa ya choo.

"Ikiwasha ujue inafanya kazi," akasema.

Ilifanya kazi, bi mkubwa. Machozi yalinitoka, naye akaniuliza kama anioshe. Nikawaza utakavyonitazama nikiingia nyumbani, na nikamwambia aiache kidogo tena.

Niliyoyavuna unayajua. Nilirudi na basi, vumbi la njia nzima, kitambaa nimekifunga kichwani na chini yake kunachuruzika. Nilipanga kujifungia chumbani na kusingizia homa mpaka nipoe. Asubuhi yake bwana akaanguka ghalani kwake, juu ya magunia, na walipomleta nyumbani alikuwa amekwisha kata roho.

Watu wakajaa. Wanawake wakaja kunipa mkono, wakanikuta nimevimba, ngozi imechanika mashavuni, macho mekundu. Bi Mwajuma jirani akawaambia wenziwe, "Mtazameni mtoto wa watu, kalia mpaka uso umemchubuka." Mwingine akaitikia kwamba huyo ndiye aliyempenda. Wewe ulikuwa unahangaika na mchele na mikeka ya wageni, macho makavu, na wakakutupia jicho. Nikainamisha kichwa kwa haya. Wakasema, jamani, msiba umemlemea.

Walipopungua, ukafunga mlango wa chumba tulichokalia eda, wewe na mimi. Kioo kilikuwa kimekwisha funikwa kwa kanga, kama desturi. Ukakaa mbele yangu.

"Haya, fungua kitambaa."

"Kichwa kinaniuma kwa kulia tu, bi mkubwa."

"Kulia hakunuki hivyo, mwenzangu."

Kitambaa kilikuwa kimegandana na ngozi. Ukakilowesha kwa maji ya vuguvugu, kidogo kidogo, mpaka kikaachia chenyewe. Nywele zikaja nacho. Nilingoja ucheke. Ningekuwa mimi, na kichwa kile ni chako, ningecheka mpaka Kaole wanisikie. Wewe ulisema tu, "Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Wewe umejinyoa mwenyewe." Nikalia. Hayo ndiyo yalikuwa machozi yangu ya kwanza tangu bwana afe. Naona haya kuliandika hilo, lakini ndivyo lilivyokuwa.

Kesho yake ulichuma majani ya mkunazi ule wa uani, ukayaponda, ukayavuruga majini mpaka yakatoa povu. Nikashtuka. Kwetu Mlingotini majani yale nimeyaona kwa waoshaji tu. Nikakuuliza, "Unaniosha kama maiti?"

"Maiti naye huoshwa kwa upole," ukasema. "Lete kichwa."

Ndipo nilipokuona kwa mara ya kwanza unamimina maji kwenye mkono wako mwenyewe, hapa kifundoni ndani, kabla hayajanigusa mimi. Yakiwa moto unangoja. Sabuni ulinikataza kabisa. Hukunisugua, ulinikausha kwa kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama kitambaa cha mtoto, unagandamiza na kuinua, unagandamiza na kuinua. Kucha ulinikata ili nisijikune usingizini. Usoni ulinitia ute wa mshubiri na hukutaka kitu kingine. Nilipotaka kujibandua magamba, ulinipiga kofi mkononi. "Iache ngozi. Ikiwa tayari itatoka bila wewe." Na jua la kunichoma halikuwepo, kwa sababu mwenye eda hatoki. Kioo kimefunikwa, kwa hiyo hali yangu niliisoma usoni mwako. Ukikunja uso, nilijua kumechimbika. Ukianza kuimba puani, nilijua kunafunga.

Lakini ngozi ilikauka ikawa inapasuka, ikataka mafuta. Na mafuta kichwani kwa mwenye eda ni pambo. Ulikuwa na chupa ya mafuta ya nazi uliyoyapika mwenyewe, yasiyo na harufu ya ua wala udi, na hukuthubutu kuyagusa bila kuuliza. Ukamwita kaka yako, ukamtuma kwa mwalimu wa madrasa. Nilikuwa nimelala nyuma yako, nilisikia kila neno.

"Kamwulize, mwenye eda akiwa na vidonda kichwani, anaruhusiwa kutia mafuta ya nazi?"

Kaka yako akauliza, "Vidonda vya nani?"

Nilikuona mgongo ukinyooka. "Vyangu," ukasema.

Kaka yako, Mungu amsamehe, aliuliza barazani mbele ya watu. Mwalimu akajibu kwamba kama ni dawa, na hayana manukato, ruhusa. Baraza lilisikia mafuta tu. Kabla ya alasiri mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba mume hajapoa kaburini na bi mkubwa keshataka mafuta ya nywele. Bi mdogo kachubuka kwa kulia, bi mkubwa anajipamba. Wakakubatiza Bi Mafuta.

Ndani, wewe ulikuwa unachovya ncha ya kidole na kunigusa nayo pale penye ukavu, huku unaniambia nisicheze. Siku hiyo nilitaka kufungua mlango nipige kelele. Nilinyanyuka, kweli nilinyanyuka. Ukanishika pindo la nguo. Nami nikakaa upesi mno, kama mtu aliyekuwa akingoja kushikwa.

Asubuhi iliyofuata nikakwambia, "Shikamoo, bi mkubwa." Hukushangaa wala hukutabasamu. Ulisema, "Marahaba. Lete kichwa."

Tulipotoka eda wanawake walikuja na udi na liwa. Wakataka kunisinga uso, kunisugua kwa liwa hiyo, ukawazuia, ukasema ngozi yangu bado changa. Wakanong'onezana kwamba unanionea wivu. Kaka yangu akaja kunichukua anirudishe Mlingotini, ukamwambia, "Kichwa hakijapona." Kilikuwa kimepona, nywele mpya zimeota za urefu wa ukucha, za kipilipili vilevile, nawe ulizipitishia chanuo la mti kuanzia nchani kila Ijumaa na kunikataza misuko ya kubana. Kaka akarudi peke yake. Akaja tena mwaka wa pili, ukamjibu vilevile, na sote watatu tukacheka.

Siku moja tunachambua mchele nilikuuliza kwa nini ulisema vidonda ni vyako. Hukuinua macho. "Mimi mzee, nani ataniposa? Wewe kesho ungali nayo." Kisha ukanituma ungo mwingine. Kesho hiyo waliileta waposaji wawili, nikawakataa, na hukuniuliza sababu.

Sasa nikwambie linaloniunguza kuliko dawa ya Kariakoo. Si jina la Bi Mafuta, ingawa kila walipokuita hivyo sokoni ukaitika, nilitazama chini. Ni hili. Miaka yote ile, Ijumaa zote zile, mimi ndiye niliyekaa kwenye mkeka na wewe nyuma yangu kwenye kigoda. Hata siku moja sikusema, "Leo kaa wewe." Ulijisuka mwenyewe, mikono nyuma, hata mabega yalipoanza kukuuma. Nilikusikia ukiguna. Nilidhani kumtunza mwenzio ni kazi uliyozaliwa nayo wewe, na kutunzwa ni haki yangu mimi.

Ulipokufa waliniacha niingie kuosha, maana wanao wako mbali. Muosha, mimi, na Bi Mwajuma wa kupokeza maji. Mkunazi nilichuma mwenyewe. Nikakufungua nywele, na ndiyo mara ya kwanza kukushika kichwa. Zilikuwa chache, bi mkubwa. Nyeupe, laini, na utosini pamebaki ngozi. Nywele nilizozionea wivu mpaka nikajichoma zilikuwa zimekwisha, na mimi niliyelala chumba cha pili sikujua.

Macho yangu yalikuwa makavu. Bi Mwajuma aliniangalia kama alivyokuangalia wewe siku ile. Akapokea kata ya maji, akasema kwa upendo tu, hana ubaya mama wa watu, "Masikini Bi Mafuta wetu. Alizipenda nywele zake mpaka edani."

"Kichwa kilikuwa changu," nikasema.

"Kichwa kipi?"

"Cha edani. Vidonda vilikuwa vyangu. Nilikwenda Dar kujichubua. Sikuwa nimelia."

Kata ikabaki hewani. Muosha akatuambia maiti hangojeshwi, kama tuna mazungumzo tutayafanya nje. Akanionyesha maji, nimimine.

Nikamimina kwanza kwenye kifundo changu cha mkono, hapa ndani. Yalikuwa ya moto.

"Maiti haungui, bi mdogo," akasema muosha.

Nikamwambia najua. Nikangoja yapoe.

Mimi,
bi mdogo wako