Shangazi Hataki Kushikwa Miguu

Jumatatu, 3 Machi

Farasi kafika hapa bandani kwetu! Lori halijasimama vizuri, tayari kaupiga mlango teke. Kaka alikuwa amepanga maneno yake ya kumkaribisha mwenye farasi, akayameza yote. Karuka nyuma, kofia huku, yeye kule.

Ni jike. Kahawia iliyokolea, miguu ya nyuma myeupe kama kavaa soksi. Mzuri! Lakini hayo macho sasa. Anakuangalia kuanzia buti hadi kitambaa cha kichwa, kama shangazi aliyefika harusini akakuta sare hazimpendezi. Nikalisema hilo kwa sauti. Basi, jina limeganda. Shangazi.

Kwato zake zimerefuka mno, anatembea kama mtu aliyevaa ndara za mwenzake. Na miguu hakuna wa kuigusa. Mwenye farasi ni mzee mpole, anaongea taratibu, farasi kamrithi kwa marehemu kaka yake. Anasema kule alikotoka walikuwa wanamfunga kamba, wanaume wanne wanamlalia, ndipo akatwe kwato. Hataki kuona hayo tena. Katuachia sisi tumtulize, atarudi mwisho wa mwezi. Kama bado hashikiki, basi apumzishwe, kuliko kuteseka hivi. Alisema "apumzishwe" huku akiangalia viatu vyake.

Nimemwelewa, ni sindano ya mwisho. Sijapenda.

Jumanne, 4 Machi

Daktari wa mifugo kaja asubuhi. Mama huyu husalimia wanyama kwanza, watu baadaye. Leo alisimama nje ya mlango wa Shangazi, mikono mfukoni, kimya. Akasimama. Akasimama tena. Kaka akaninong'oneza: kasahau vifaa nini?

Mwishowe akasema, "Mnaona midomo ilivyokazwa? Na huo mkunjo juu ya jicho? Mkia kaubana. Watu wamemwita mkorofi. Huyu anaogopa, na nadhani anaumwa pia."

Nilidhani tutazungumzia kwato. Wapi! Kauliza anakula nini, anakunywa wapi, anamwona nani akiinua kichwa. Kumbe farasi tumbo likikaa tupu linamchoma, anatakiwa awe anatafunatafuna karibu siku nzima, na sisi tulimpa nyasi asubuhi na jioni kama mgeni wa hoteli. Na kile chumba cha mwisho chenye giza? "Mmemfunga jela?" Ahamie cha kona chenye dirisha, jirani na punda wetu mzee. Redio ya Kaka izimwe.

Kaka: "Hata wakati wa mpira?"

"Hata wakati wa mpira."

Sura yake! Ungedhani kafiwa.

Halafu dawa yangu mimi: nikae naye. Nisimguse, nisimwite, nisimpe kitu. Nikae tu. Mimi! Mimi ninayekunja nguo huku sufuria iko jikoni na simu nimeibana begani! Nikamuuliza daktari nitakuwa nafanya nini. Akasema, "Hicho hicho. Hakuna."

Ndiyo maana naandikia hapa bandani, juu ya ndoo niliyoipindua. Angalau mkono ufanye kazi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekaa. Kanigeuzia makalio.

Nimeendelea kukaa. Ndoo hii haikutengenezwa kwa ajili ya mwanamke wa umbo langu. Punda wa jirani kanichungulia juu ya ukuta, akaondoka, akarudi. Kaniona sina la maana.

Kabla sijainuka — sikio moja la Shangazi liligeuka upande wangu. Moja tu! Nimetoka nje nikitembea kama nimetunukiwa nishani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Binti yangu alipiga simu kunisalimia, nikamwambia Shangazi anatusumbua: kamng'ata mjomba wako begani, halafu kajisaidia kwenye ndoo ya maji. Kumbe kaweka spika, na aliyekaa naye mezani ni wifi yangu, shangazi yake halisi! "Nimemng'ata nani mimi?" nasikia huko. "Na hiyo ndoo naijua?"

Imebidi nimweleze habari nzima tangu lori. Wifi kakubali kusamehe, kwa sharti kwamba huyo farasi awe mrembo. Nikamwambia ni mrembo. Kasema basi, karithi kwake.

Jumatano, 12 Machi

Doa lililo hapa juu ya ukurasa ni lake!

Nilikuwa naandika orodha ya sokoni, kichwa chini. Nikasikia joto shingoni. Pumzi. Sikugeuka. Nikakumbuka daktari alivyosema, ukitoa pumzi ndefu naye atakuiga. Nikatoa. Kidogo, naye akatoa — puuuh! — ndefu, yenye ute, juu ya vitunguu na sabuni. Akalamba midomo. Akawa anatafuna ilhali hana kitu mdomoni. Daktari ameniambia kwenye simu kwamba hiyo ni dalili, mwili unalegea, hofu inashuka.

Jana alimsawazisha meno yaliyokuwa yakimchanja mashavu. Kichwa anakubali kushikwa, ila kwa shingo upande, kwa maana zote mbili. Na mgongo ulikuwa na mahali panapouma, tunamkanda kwa kitambaa cha uvuguvugu. Ameanza kufumba macho wakati wa kukandwa. Mimi nani atanikanda?

Jumatatu, 17 Machi

Fundi wa kwato kaja. Wote tunamjua, mrefu mpaka anainama kwenye kila mlango wa hapa. Mtu wa maneno machache, mjane kama mimi. Mwaka jana farasi mmoja alimvunja mbavu, na tangu hapo, ukimwangalia vizuri, mabega yake yako karibu na masikio.

Hajafika hata mlangoni, Shangazi kainua kichwa. Mkia — ndani. Mdomo — kamba. Imani tuliyoijenga nusu mwezi, nikaiona inavyobomoka.

Daktari alikuwepo. Akamwambia bila kumgeukia, "Fundi, toa pumzi. Shusha mabega. Anasoma mwili wako kama gazeti."

Fundi kasema anajua. Kasema tangu mbavu zile hajalala vizuri siku yenye farasi mgumu. Kasema hilo mbele yetu sote, mtu mzima, bila kuona haya. Nilimpenda hapo hapo — yaani, nilipenda alivyosema.

Dawa yake ni ile ile yangu. Aje bila vifaa. Akae.

Kwa hiyo sasa ndoo ni mbili.

Jumatano, 19 Machi

Fundi kaja na chupa ya chai. Kaja na vikombe viwili pia, naona kafikiria mbele.

Kukaa bila kufanya kitu na mtu usiyemzoea ni kazi! Mwanzoni tulikuwa kama watu kwenye foleni ya hospitali. Kisha akaanza kuimba kwa pua, wimbo usio na mwanzo wala mwisho. Hajijui kabisa kama anaimba. Nikashangaa: mabega yake yameshuka. Shangazi akateremsha kichwa, akasimama mguu mmoja wa nyuma kaupumzisha. Na mimi, jamani, nikasinzia. Juu ya ndoo! Nikazinduka nimeegemea mkono wa mtu. Hakuusogeza. Alisema chai ilipoa ila hakutaka kuniamsha.

Binti kapiga jioni, kaniuliza mbona sauti yangu ina cheko. Nikasema ni mtandao.

Ijumaa, 21 Machi

KAINUA MGUU!

Tunaanzia begani. Mkono unateremka polepole. Akikaza tu msuli, tunarudi juu, tunasubiri apumue, tunateremka tena. Fundi kateremka mpaka gotini, karudi. Kateremka, karudi. Mara Shangazi mwenyewe, kana kwamba kachoshwa na sisi, kaukunja mguu wa mbele akamwekea mkononi! Haya, shika basi.

Fundi kaushika kama kapewa mtoto mchanga. Akaushusha upesi kabla hajataka kuuvuta. Daktari alishatuambia, tuache kazi angali ana furaha.

Tulitaka kupiga kelele, haiwezekani. Basi tukatoka mpaka nyuma ya rundo la nyasi tukacheza bila sauti. Mtu mrefu vile akicheza bila sauti! Kaka katukuta. Kauliza kama tumeumwa na nyuki.

Jumapili, 23 Machi

Leo si siku nzuri. Niandike tu.

Upepo uling'oa bati la paa, likaanguka uani kwa kishindo. Nilikuwa chumbani kwa Shangazi, nimeinama. Shangazi karusha teke. Hakunilenga mimi, kwa akili yake alilipiga lile bati. Lakini ubao wa mlango umevunjika, na kwato ilipita karibu na kichwa changu. Karibu sana.

Kaka kaja mbio na kamba mkononi. Kasema imetosha. Afungwe miguu, akatwe kwato leo leo, tumalizane na huyu mnyama. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia ukimfunga leo, hakuna atakayemshika tena maisha yake yote, na unajua mwisho wake ni nini. Akasema hajali mwisho wake. Tukapandishiana sauti, mtu na kaka yake, mpaka punda akaanza kulia.

Halafu nikaiona sura yake. Mkunjo juu ya jicho, mdomo umekazwa. Nikajikuta namsoma kama tunavyomsoma Shangazi. Nikashusha sauti. Nikamwambia, Kaka, nipo. Sijaumia. Niangalie.

Kaka kasema, "Mimi sina dada mwingine."

Nikamkalisha kwenye ndoo. Nikakaa kwenye ya pili. Shangazi alikuwa kona ya mbali, jasho tupu. Kisha akashusha kichwa. Kaka akatoa pumzi moja nzito, kama mtu aliyetua gunia. Farasi naye akatoa. Kaka kaniangalia — umesikia? Nikasema nimesikia.

Kamba ameitumia kufunga bati.

Jumanne, 25 Machi

Kwato za mbele zimekamilika, zote mbili! Fundi anapiga tupa kidogo, anaacha, anaimba kwa pua, anapiga tena. Shangazi anakula nyasi kama mtu anayesukwa nywele huku anasoma gazeti.

Na nimemfumania Kaka. Alidhani niko jikoni. Kasimama dirishani kwa Shangazi, anamsimulia matokeo ya mpira! Kwa kunong'ona, goli moja moja, nani kapiga, nani kakosa. Shangazi kapandisha masikio yote mawili. Nimerudi kinyumenyume.

Ijumaa, 28 Machi

Zimekwisha. Zote nne.

Mguu wa nyuma wa kushoto ndio ulikuwa shughuli. Alikataa, tukatoka. Tukarudi, akakataa, tukanywa chai. Tulipoingia mara nyingine aliupumzisha mwenyewe na Fundi akauinua kama hakuna lolote. Nilikuwa kichwani pake, paji la uso wake limeegemea kifua changu, nasikia kila pumzi.

Tukamfungulia uani. Kasimama. Katingisha kichwa. Kapiga hatua kama haiamini ardhi, kisha nyingine, kisha — jamani! — kaondoka, mkia juu, soksi zake nyeupe zinameta, kazunguka uwanja mzima, kapita mbele ya punda akitamba! Punda akajaribu kumfuata, kachoka njiani. Daktari alipiga makofi ya kimya. Fundi kajifuta macho kwa mkono wenye vumbi, ikawa tope. Nikampa kitambaa changu. Hajakirudisha. Sijakidai.

Usiku huu, kabla ya kuzima taa, ndipo wazo limenijia. Mwenye farasi alisema apumzishwe kama hashikiki. Sasa anashikika, basi atamrudisha kwake. Tumefanya kazi nzuri, na kazi nzuri ndiyo itakayompandisha kwenye lori.

Jumapili, 30 Machi

Lori limekuja mapema. Niko bandani, naandika kwa mkono mmoja. Wa pili uko chini ya shavu la Shangazi.

Nilikuja kumsafisha kabla ya safari. Nikakaa kwenye majani ili nimsugue vizuri miguu. Akanizunguka, akakunja magoti, akalala. Chini! Mwili mzima! Sijawahi kumwona, kila siku husinzia amesimama. Daktari ananiandikia kwenye simu kwamba farasi halali usingizi kamili mpaka awe na uhakika kwamba kuna anayemlinda. Kisha kichwa chake kikaja mapajani kwangu. Kizito! Mguu wangu wa kulia umekufa ganzi na nusu ya makalio. Siinuki.

Nje nilimsikia Kaka akihangaika na mwenye farasi. Njia ni mbaya. Mvua inakuja. Punda atapata huzuni — kasema huzuni kabisa! Na je, huko kwako kuna dirisha? Kuna nani wa kumsimulia mpira? Mzee akasema kwanza amwone.

Kaingia. Kasimama mlangoni. Kavua kofia.

"Amekufa?" kanong'ona.

"Analala," nikamwambia.

Alitazama zile kwato, moja baada ya nyingine. Alitazama mkono wangu. Midomo yake ilikuwa imekazwa, kisha ikaacha. Nikamwambia kuna ndoo hapo. Kakaa. Fundi kapita akiwa ameinama, kakaa kwenye majani upande wangu, bega langu limepata pa kuegemea. Kaka kaenda kwa ncha za vidole kumwambia dereva azime lori.

Limezimwa.

Mzee kafungua mdomo kama anayetaka kusema jambo. Shangazi kakoroma. Mzee kaufunga tena mdomo, na anatabasamu, na ameweka kofia yake sakafuni, kama anayesema basi, farasi abaki.