Vidole Viwili Kutoka Mpinini

Mama Zena, mke wangu,

Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Zena alitaka kuniandikia, nikamkatalia. Kisomo cha watu wazima tulikwenda wote wawili. Ulinizidi herufi, sikatai, lakini cheti na mimi ninacho.

Arobaini yako imepita Jumapili. Nimekaa nje ya jiko, kinoo kiko mbele yangu. Binti yako ananiangalia kama nitalia. Silii. Nikiletewa chakula nakula, jua likizama nalala. Basi.

Jina langu unalijua. Kutoka Utemini mpaka Issuna, mchinjaji gani hakunifuata hapa Mwankoko na visu vyake kwenye gunia, nimnolee? Nilinyoa nywele za mkono wangu mbele yao, wakashangaa, wakaondoka wakinisifu. Hawakujua kwamba kila kisu kilikuwa kimepita kwako kwanza. Unafuta mkono kwenye khanga, unaweka makali juu ya ukucha wa dole gumba, unayavuta polepole tangu mpinini hadi nchani bila kukandamiza. Macho unayapeleka mbali, kama mtu aliyesikia hodi.

"Hapa panakwama, Baba Zena."

"Hapakwami."

"Basi lete ukucha wako."

"Ukucha wangu una kazi nyingine."

Ukishaingia ndani narudi kwenye kinoo. Sauti ya jiwe ulikuwa unaisikia, ukanyamaza. Nilijua unaisikia.

Lakini kisu chako mwenyewe, kile nilichokufulia kwa chuma cha springi ya lori! Siku ile ulisema mbele ya kaka zako kwamba kinakwama, vidole viwili kutoka mpinini. Nikasema nikikigusa tena nisiitwe mwanaume. Sikukigusa. Ukakatia vitunguu mwaka mzima, maganda yananasa palepale.

Kisha biashara ikawa ruksa, maduka yakajaa vitu vya nje. Ukarudi kutoka sokoni na kisu cha mpini mwekundu wa plastiki, ukakipitisha kwenye ukucha huku unanitazama. "Hiki hakina mwenyewe wa kununa, na hakikwami." Siku mbili sikugusa mboga iliyokatwa nacho. Nilikula ugali kwa chumvi. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Sasa nikwambie ya arobaini. Mzee Jumanne alikuja kutuchinjia mbuzi. Zena akampa kile chekundu, akakirudisha: "Hiki cha nyanya, mwanangu." Zamani ningetamba nalo hilo wiki nzima. Nikaingia jikoni, nikachomoa cha springi kwenye fito pale ulipokichomeka. Jumanne akakipitisha kwenye ukucha wake.

"Bwana we, hapa panakwama. Mnyama atateseka."

Vidole viwili kutoka mpinini.

Watu wote wakanigeukia, kaka zako wakiwa mbele, wanangoja matusi yangu. Hayakuja. Nikachuchumaa, nikamwagia kinoo maji, nikanoa. Nilipomaliza nikanyoosha mkono wenye kisu kuelekea mlango wa jiko. Mazoea. Mkono ukabaki hapo. Zena akatazama chini.

Ikabidi nipime mwenyewe kwa ukucha wangu, mara ya kwanza tangu nikuoe. Makali yakapita kama kwenye maji. Nikampa Jumanne. Mbuzi hakupiga kelele.

Ulisema kweli, Mama Zena. Palikuwa panakwama. Nilijua tangu siku ileile, nilipokiona kinang'aa kidogo juani palepale, maana penye makali hapang'ai, na nikakuacha ukate vitunguu hivyohivyo.

Sasa hapakwami. Tangu asubuhi nimepitisha ukucha palepale, huku na huku, natafuta. Hakuna kitu.

Kisu nakirudisha kwenye fito. Lala salama.

Mumeo mbishi,
Baba Zena