Sauti Yako Kwenye Simu ya Mchungaji

Eli,

Najua ungetaka nianze na habari za programu, salamu zije baadaye, kama ilivyokuwa kawaida yako. Haya. Programu inafanya kazi. Mama yako ni mzima. Mimi nusura nifukuzwe kanisani.

Tangu uondoke nimebaki peke yangu kwenye kile chumba chetu cha Themi, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulikuwa tumegawana kazi vizuri: mimi nachora kurasa, wewe unalea vifurushi. Sasa navilea mimi, na vifurushi vyako, Eli, ni watoto wakorofi. Ukimpandisha mmoja toleo, wa pili anagoma, wa tatu anasema hamjui wa pili. Nilimweleza mama yako kwamba programu yetu imejengwa kwa vipande vilivyoandikwa na watu wengine, kwamba vinaitwa vifurushi, na kwamba vyetu vimezeeka. Akanihurumia sana. Akanitumia bando la wiki nzima.

Halafu tukaambiwa toleo letu ni la zamani mno, tusiposasisha tutaondolewa kwenye duka la programu. Wafugaji wote, wa Nduruma na wa huko kwenu mlimani, wangekosa kujulishwa ng'ombe yupi yuko kwenye joto na lini wamwite mtaalamu wa kumpandisha. Ingekuwa ndiyo mwisho wa kazi yetu yote. Nikasasisha kile kifurushi cha arifa. Nikaendesha majaribio, yote yakawa kijani, yaani yamefaulu. Nikajaribu na kwenye simu yangu ya Android, kengele ya ng'ombe, ile sauti ya arifa zetu, ikalia kama siku zote.

Kwenye aifoni sikujaribu. Aifoni ya majaribio ilikuwa yako. Ilikuwa kwa mama yako, kwenye droo, pamoja na miwani yako, na mimi... sikuweza kwenda kuiomba. Basi tu. Nikajiambia, kati ya wafugaji wetu wote mwenye aifoni ni Mchungaji peke yake.

Mchungaji, Eli. Kati ya watu wote.

Jumapili ya ibada ya kumbukumbu yako kanisa lilijaa. Nilikaa mbele na mama yako, nimejifunga mtandio wangu, nikisimama wenzangu wanaposimama. Mchungaji alikuwa ameweka simu yake mimbarani, maana Biblia anaisomea humo. Akashusha pumzi, akasema, "Ndugu yetu Elifuraha amenyamaza. Sauti yake hatutaisikia tena hapa duniani."

Simu ikaitika: "Halo! Halo! Mnanisikia huko? Jaribio! Ng'ombe anataka mume! Sharifa, kama inasikika, lete chapati!"

Na kipaza sauti kilikuwa wazi.

Unaikumbuka? Ile uliyojirekodi mchana mmoja ukiwa na njaa, ukaipa jina linaloanza na A tatu ili ikae juu kabisa kwenye folda. Kumbe kifurushi kipya, kwenye aifoni, kikiikosa kengele pale kilipoizoea, kinachukua sauti ya kwanza kinayokutana nayo. Na majaribio yetu yalikuwa yanauliza tu kama kuna sauti imelia. Hayakuuliza ni ya nani.

Shangazi yako alitoka nje kwa mlango wa kwaya na hakurudi. Mzee mmoja wa kanisa alipiga magoti. Nikasimama, nikasema, "Samahani, Mchungaji, ni kifurushi."

Babu mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti, "Ina maana huko aliko ana bando?"

Nikaogopa kumtazama mama yako. Mabega yalikuwa yanamtikisika, nikajua nimemuua. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka kitenge kikamdondoka, na kanisa zima likamfuata, wengine wanacheka huku wanalia. Mchungaji alijitahidi kukaza uso. Akaitazama simu tena, akasema polepole, "Lakini jamani, ni kweli. Ni ng'ombe wangu." Mtaalamu mwenyewe alikuwa kwenye kwaya, anaimba besi. Baada ya baraka waliondoka pamoja.

Siku hiyohiyo mama yako alinivuta pembeni, akanikabidhi aifoni yako. "Chukua, mwanangu. Ukajaribie humu, si kwa Mchungaji."

Nilidhani yameisha. Wiki iliyofuata mwenyekiti wa wafugaji akanipigia: wenye Android wanalalamika kwamba wamebaguliwa. Nao wanataka kuitwa na Eli! Nikapanda hadi nyumbani kwenu kumuuliza mama. Tuliisikiliza jikoni, mara moja tu.

"Siku hiyo alikuwa na njaa?" akauliza.

"Siku zote, mama."

Akageuza kuni, akasema, "Usiwape. Wataizoea. Siku moja mtu ataizima bila kusikiliza."

Basi nimeitoa. Kufuta faili moja kulinichukua asubuhi nzima, na wewe unajua nilivyo mwepesi wa kufuta. Nikaandika jaribio jipya linalodai kengele yenyewe, kwenye simu za aina zote mbili. Kwanza likawa jekundu, kisha kijani huku na huku. Nikalia mbele ya ile kijani kama mtu aliyefeli.

Ng'ombe wa Mchungaji ameshika mimba. Mchungaji ametangaza kwamba ndama ataitwa Jaribio, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Kwaheri, rafiki yangu. Hakuna toleo litakalotoka mikononi mwangu kabla sijalijaribu kwenye simu zote mbili, hilo nakuahidi. Na kuna lingine. Jana mama yako aliniuliza, huku anaangalia pembeni, kama nitaendelea kwenda kwake sasa kwa kuwa simu nimeshaipata. Bado sijamjibu. Nakujibu wewe kwanza: nitakwenda.

Pumzika, Eli.

Sharifa