Mlango wa Kumi na Saba, Sampeng

Jumatano, 3 Septemba 2025

Mwanangu Maya kanitumia picha kutoka Bangkok, yuko huko kimasomo. Mtaa wa Sampeng – mwembamba vilevile, mikokoteni inagombania njia na watu, vitambaa mpaka darini. Hesabu kutoka mfereji, nilimwambia, mlango wa kumi na saba. Kahesabu. Wanauza kahawa. Mzee aliyeniuzia lesi pale kafariki, watoto hawakulitaka duka. Mtaa una zaidi ya miaka mia mbili. Chimbo langu, pale pa siri nilipopata mali nzuri, halikufika thelathini.

Ijumaa, 5 Septemba

Josefina, mteja wangu, kaja dukani kwangu hapa Spånga kununua uzi. Kachomoa kipande cha lesi ya bluu: sare ya harusi ya Jasmin, binti wa Nyambura, rafiki yangu wa zamani. Wanawake arobaini, yadi tano kila mmoja.

“Mama Maya, wewe yako bado hujaletewa?”

Anajua sikuletewa. Nikamwambia bluu hainipendezi.

Kadi ni karatasi tu. Sare ndiyo mwaliko.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani sikusikia neno. Basi niandike. Miaka kumi na miwili iliyopita nilikwenda Sampeng na Nyambura, yeye mara yake ya kwanza. Nikamwambia leo wamefunga, sikukuu yao, pumzika hotelini. Akatoka kutembea, akanikuta mlango wa kumi na saba nimekumbatia majora. Akageuka. Akanunua lesi kwingine, kwa kubahatisha. Zilipofuliwa mara ya kwanza zikachuja. Wateja thelathini na mmoja walimrudishia. Nilihesabu – na nilifurahi.

Lakini chimbo lile nililitafuta siku tisa kwa miguu yangu. Mimi nani alinionyesha?

Jumamosi, 13 Septemba

Jora la mwisho la yule mzee, lesi nyeupe, yadi kumi. Sikuwahi kuliuza. Leo nimelibeba mpaka Fisksätra, nyumbani kwa Nyambura.

Kafungua mlango Jasmin mwenyewe. Nilimbeba siku ya ubatizo! Kaniangalia, kaliangalia jora, kamwita mama yake kwa Kiswidi: kuna mama hapa na kitambaa. Ndani wanawake wanacheka, cherehani inalia. Nikaisikia sauti ya Nyambura:

“Muulize anauza ama analeta.”



Mimi, mwenye bei ya kila kitu, nikapapasa mfukoni. Nikasema nimesahau simu chini, narudi.

Simu ninayo. Naandika nimekaa kwenye ngazi, jora mapajani. Mlango wameuacha wazi. Ngazi kumi na nne kutoka hapa mpaka mlangoni.