Jina Nililoliruka

Mdogo wangu Somoe,

Leo wamepika ming'oko hapa nyumbani, vile viazi vya porini vya kwetu, nikasukuma sahani. Wanangu wakadhani naumwa. Siumwi. Nilikukumbuka umekaa kitandani, wodi ya kifua, umeshika mng'oko mmoja kwa vidole viwili, unanicheka: "Kaka bwana, toka Nandagala mpaka Nachingwea umeniletea mmoja tu?" Mingine niliila njiani, na ulijua.

Kazi yangu unaikumbuka. Nilikuwa naandika majina mezani na kuyaita mlangoni, kwenye hospitali ile kubwa ya serikali, miaka ya mwanzo ya hamsini, matrekta ya mradi wa karanga wa Waingereza yakitimua vumbi kila upande. Nilivaa kaptula ya kaki nikajiona bwana mkubwa. Wewe ndiye uliyenishusha. "Miguu yenyewe ya korongo!" Wagonjwa walicheka mpaka wakakohoa, na mimi nikacheka nao.

Ulikuja ukiwa bado mtoto, umekonda, unatema damu. Daktari wa utafiti alikuwa na sindano mpya ya kifua kikuu. Dawa ilikuwa chache, kwa hiyo aliwagawa wagonjwa: hawa wachomwe, wale wapumzishwe na kulishwa vizuri, aone tofauti. Nani aende wapi, iliamua bahasha iliyofungwa. Yako ilitoka ya sindano. Nikaliandika jina lako la utoto kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, na baada ya miezi miwili ulikuwa umeanza kunenepa, unanitania bila pumzi kukukatika.

Ndipo mama akaja. "Huyu kapona. Wenzake wanaingia unyagoni, yeye abaki huku anachomwachomwa?" Daktari alikataa katakata. Mimi nilitafsiri nusu tu ya maneno yake, maana nusu nyingine ilikuwa kali, na mama ni mama. Akakuchukua.

Ulirudi kabla ya mvua, mwali aliyetolewa, kanga mpya, jina jipya, na kikohozi kile kile. Ukasimama mbele ya meza yangu. Foleni nyuma yako ilikuwa ya watu wa kwetu watupu. Nikakuuliza kama ninavyomuuliza kila mtu: jina? Ukanitazama usoni.

"Somoe," ukasema. "Somoe binti Hamisi."

Kwetu msichana akishachezwa, jina la utoto linaachwa huko huko. Kumwita kwalo mbele za watu ni kumvua nguo. Na mimi kaka yako! Ningeanzaje? Nikaandika Somoe, kadi mpya, mgonjwa mpya. Ukanong'ona, "Ahsante, kaka." Nikajiona nimekuheshimu. Mjinga mimi!

Bahasha ya Somoe ikatoka ya kupumzishwa. Nikajiambia, si kitu, sindano yako ipo kwenye daftari la zamani, daktari aliagiza ishikiliwe mpaka utoke unyagoni, nitamweleza akiwa peke yake. Lakini daktari hakuwa peke yake hata dakika moja. Jumatatu nikaita majina ya sindano. Nilipolifikia lile lako la zamani nikaliruka, nikaandika "hakuja". Ulikuwa umekaa kwenye benchi, hatua sita kutoka kwangu. Jumatatu ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu pia. Na utaratibu niliujua, maana nilikuwa nikiwatangazia wagonjwa mwenyewe: asiyekuja Jumatatu tatu amepotea, nafasi yake anapewa mwingine.

Keshoye nilimkimbilia daktari akishuka garini, nikamwambia yote. Akauliza, "Mgonjwa yuko hapa hapa, nawe unaniandikia hakuja?" Dawa yako ilikuwa imeshaanza kwenda kwa mwanamume mmoja wa Nambambo. Nyingine ingekuja lini, hakuna aliyejua. Akasema labda hata wewe isingekusaidia, kwa kuwa ulishaikatiza. Labda. Nimeligeuza neno hilo mpaka nimelichoka, na halinifariji hata kidogo.

Kwako sikusema kitu. Ulidhani jina ni jina na dawa ni dawa. Kila nilipopita ulinishika kaptula: "Wanachelewa na sindano yangu, kaka. Waulize."

"Nitawauliza," nikasema. Mpaka mwisho nilisema hivyo.

Yule wa Nambambo alipona. Nilikuwa nikikutana naye sokoni akiuza ufuta, ananisalimia kwa mikono miwili. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Mama alikufa akiamini ni kudra ya Mungu, nami nilimwitikia amina. Sasa nimezeeka, na msamaha siutafuti. Aliyekuwa wa kunisamehe ni wewe, nawe tulikuzika Nandagala. Ninaiandika barua hii wazi ili watu wa kwetu waisome, wajue ni nani aliyekupoteza.

Basi acha nikuvunjie heshima leo, mbele ya wote, kama ilivyonipasa Jumatatu ile. Ukasirike ukitaka. Nitukane, nirushie kiatu, lakini simama uje.

Chausiku! Chausiku! Chausiku binti Hamisi! Chumba cha sindano!

Nimeita mara tatu, na kalamu bado ninayo mkononi. Hakuja.

Ni mimi kaka yako,
wa pale mezani